Kimbunga Namba Moja

Jumatatu, 8 Juni 2026

Nimetukanwa. Hakuna neno lingine.

Saa mbili asubuhi Dokta Agripina alitupanga mstari nje ya karakana ya ubunifu, mwaka wa tatu wote wa uhandisi mitambo, akasema tunyooshe mikono. Shule ya msingi walimu walikuwa wanakagua kucha kuona kama ni safi. Huyu anakagua kuona kama ni chafu. Evodia, yule binti wa Kintinku ambaye hatoki humo karakana hata siku za sikukuu, grisi imempanda hadi kwenye viwiko. Akasifiwa. Mimi nikaambiwa nina mikono ya bwana harusi. Darasa zima likacheka, na aliyecheka zaidi ni Evodia.

Halafu akatoa amri. Jumamosi hii tunakwenda Ilongero, kwa kikundi cha kina mama wanaolima alizeti. Kila mmoja aende na mashine aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na ifanye kazi mbele ya wenye alizeti yao. Asiye na mashine hana alama. Asiye na alama anadisko, anafunga begi, anarudi kwao. Wenzangu wameanza tangu Machi. Mimi tangu Machi nilikuwa nafikiri.

Ngoja niandike wazi, maana humu hakuna wa kunibishia. Mhandisi ni kichwa. Mikono ni ya fundi. Kwetu Sepuka hilo wanalielewa. Msimu wa alizeti ndugu zangu wakipura na kupepeta, Baba alikuwa anasema mwacheni Injinia asome. Nilikaa ndani na dirisha nikalifunga, kwa sababu upepo ulikuwa unanipeperushia kurasa. Ndivyo nilivyofika chuo kikuu. Sasa eti nije huku nishike msumeno.

Ila nikidisko, Baba hatakaa tena benchi la mbele kanisani. Ameshanitangaza mno. Watu wa Sepuka wananiita Injinia tangu niko darasa la sita. Hilo linaniuma kweli, silifichi. La Dokta haliniumi hata kidogo.

Wanataka uchafu? Watapata uchafu.

Jumanne, 9 Juni

Dawa ya viatu si wazo baya. Nasisitiza. Nyeusi, inashika vizuri kwenye kucha, na nilikuwa nayo. Nilijipaka mikono yote miwili baada ya chai, nikaingia karakana huku nimeitanguliza kama daktari anayekwenda kupasua mtu.

Dokta aliitazama. Akaridhika, nikaona kabisa ameridhika. Halafu akainama akanusa. Akawatangazia wote kwamba Sixbert anang'arisha viatu, hatengenezi mashine, na kama kuna mwenye viatu vichafu ampelekee. Enock, ninayeishi naye chumba kimoja, kaniuliza jioni kama ni kweli. Habari zimefika mpaka uhasibu.

Sawa. Sikukata tamaa. Nikatumia kichwa.

Mashine yangu nimeshaibuni. Ni mashine ya kupepeta alizeti. Sanduku kubwa la bati, nyuma kuna feni, mbele kuna mdomo. Unamimina alizeti juu, feni inapuliza, makapi yanatokea mdomoni, mbegu zinabaki chini. Inaitwa Kimbunga Namba Moja. Feni nitatumia ya Enock, ile ya mezani anayoipenda kama mtoto. Nimemweleza kwamba ni kwa ajili ya wakulima. Enock ni mlokole, ukimtajia wakulima analainika. Amekubali, ila kasema nimrudishie ikiwa nzima.

Sanduku nikaamua likatwe na ile mashine ya leza. Unachora kwenye kompyuta, unabonyeza, unakunja mikono. Leza haikati bati, basi nikaweka ubao mwembamba, nikaketi mbali kidogo kwa heshima. Ikakata. Ikatoa sanduku zuri sana, kila kona imenyooka, lenye ukubwa wa kiberiti. Mimi nilichora kwa sentimita. Mashine inasoma kwa milimita. Aliyeiweka hivyo ndiye wa kulaumiwa.

Evodia kaliokota, kaliweka mezani kwake, kahifadhia skrubu zake. Kasema ahsante.

Jumatano, 10 Juni

Dokta kanikataza nisiguse tena leza. Bati, mkasi wa bati, msumeno, na mashine ya kuchomelea. Basi. Vingine vyote eti nivitazame kwa macho.

Nilimfuata Evodia, nikameza mate, nikampa pendekezo la kisomi. Yeye ana mikono yenye nguvu, mimi nina mchoro wenye nguvu. Anikatie bati, nami nitamwandikia ripoti yake kwa lugha nzuri. Akasema ripoti yake ameshaandika. Akasema anaweza kunishikia bati upande wa pili lisicheze, lakini mkasi nitashika mimi. Roho mbaya tu. Mashine yake mwenyewe ni pipa lenye meno ndani, la kupura alizeti, linazungushwa kwa mkono. Kwa mkono! Mwaka huu! Amekwenda Ilongero mara nyingi kulijaribu, anarudi na vumbi kichwani, anaona fahari.

Nikamgeukia Enock. Nikamwambia feni yake itakaa salama zaidi akiwa amelijenga sanduku mwenyewe. Nikamvalisha ovaroli langu na miwani, nikamwonyesha mkasi, nikakaa kwenye benchi kusimamia. Kijana alikata saa kadhaa huku anaimba mapambio. Kona tatu zilitoka safi sana. Nikaanza kuamini kwamba nchi hii ina watu wake.

Dokta akapita. Akamuuliza yeye ni nani, maana sura haikumbuki. Ningekuwa mimi ningejibu vingine. Enock akavua miwani, akasema anaitwa Enock, anasoma uhasibu mwaka wa pili, na hapa anamfanyia Sixbert kazi. Nilimkata jicho. Hakuliona, au aliliona akamwachia Mungu.

Mimi nikaambiwa nianze upya na bati jipya. Enock akapewa kipande cha mbao na kukaribishwa aje siku yoyote. Anatengeneza kigoda. Anasema amefurahi sana.

Nimekata bati peke yangu tangu saa tisa. Kona ya nne imenishinda, mkasi ulikimbia, ikabaki tundu linaloingia ngumi. Nimelizibia na tambara. Kiganja cha kulia kina malengelenge. Nyumbani kwetu mbuzi wanatendewa vizuri kuliko hivi.

Alhamisi, 11 Juni

Nimechomelea.

Sikutaka. Enock nilimbembeleza, akasema anapiga msasa kigoda chake na hawezi kukiacha katikati. Ikabidi. Mara ya kwanza kijiti cha kuchomelea kiliganda kwenye chuma nikaanza kukivuta kama kamba ya ng'ombe. Mara ya pili nilitoboa. Kisha, sijui saa ngapi, kikaanza kwenda. Kinatoa mlio fulani kikienda sawasawa, kama mafuta ya maandazi, na mkono unaanza kukisikiliza wenyewe. Nimechomelea miguu yote minne. Mmoja ni mfupi, sanduku limelalia upande. Cheche imenichoma kwenye kidole na sikuisikia mpaka nilipomaliza. Naandika haya kama ushahidi wa mateso.

Saa kumi tukajaribu ndani ya karakana. Feni kasi ya kwanza. Nikamimina debe la alizeti. Makapi yakatokea mdomoni kwa mstari, mbegu zikabaki chini. Ilifanya kazi! Watu walipiga makofi. Evodia naye alipiga, kwa vidole tu.

Na hapo Dokta, badala ya kusema hongera, akauliza kama nimeijaribu nje. Nikamjibu kwamba mwanasayansi hufanya jaribio mahali palipotulia. Akauliza kama nimewahi hata siku moja kwenda Ilongero kuwaona hao kina mama wakipepeta. Akasema Evodia anakwenda kesho asubuhi kwa bodaboda, tunaweza kwenda wote. Nikasema kesho nina kazi ya muhimu. Akainua mabega akaondoka.

Kazi ya muhimu ni rangi.

Ijumaa, 12 Juni

Rangi nyekundu, herufi kubwa, kuzunguka mdomo wote: KIMBUNGA NAMBA MOJA. Chini yake, kwa nyeusi: INJ. SIXBERT. Imependeza. Pipa la Evodia halina hata jina.

Jambo la pili, nafasi. Nimeongea na Clement, dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo cha chuo, aniwekee Kimbunga pale Ilongero juu kabisa uwanjani, peupe, mbele ya turubai la wageni. Wengine wajibanze huko chini kwenye miti. Kasema pale juu pana upepo. Nikamwambia nakwenda na upepo wangu. Akacheka sana, sijui kwa nini.

Jambo la tatu, umeme. Waya mrefu utatoka kwenye mashine ya kusaga ya jirani. Nimeshampigia simu mwenyewe.

Mchana Baba akapiga. Shikamoo, marahaba, hali ya ng'ombe, hali ya Mama. Kisha akasema kesho anakuja. Nikauliza anakuja wapi. Akasema Ilongero, atapanda basi mpaka mjini halafu bodaboda, amesikia nakabidhi mashine kwa serikali. Nikamwambia si serikali, ni kikundi cha kina mama. Akasema ndiyo, diwani si atakuwepo? Koti jeusi ameshalitoa sandukuni. Watu wa kanisani wamemwombea safari.

Sikuweza kumwambia habari ya kudisko. Nilishika simu muda mrefu baada ya yeye kukata. Nina hofu, basi, nimeandika. Si ya mashine. Mashine ni kamili.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika nikiwa na makapi kwenye masikio.

Tulifika Ilongero asubuhi. Kina mama walikuwa wamesharundika alizeti iliyopurwa kando ya uwanja, na nyingine mbichi vichwa vyake vimetandazwa juani vikauke. Mwenyekiti wao, Mama Theresia, nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akalizunguka sanduku langu mara kadhaa, akauliza feni ni ya nini. Nikamweleza kwamba ni ya kutengeneza upepo. Akawaangalia wenzake. Wenzake wakaangalia chini, wakaanza kurekebisha khanga.

Wageni walikaa chini ya turubai, wameupa upepo mgongo kama watu wote wa Singida wakaavyo mkutanoni. Diwani, mchungaji, shehe, Dokta. Mimi nikakigeuza Kimbunga mdomo uwatazame wao, ili wasome jina. Baba alikuwa ameshajitambulisha kwa kila mtu. Akakataa kiti, akasema atasimama nyuma ya mwanawe. Akasimama nyuma yangu kabisa, koti jeusi, kofia mkononi.

Nikawasha. Nikamimina debe zima. Makapi yakatoka mdomoni vizuri, yakaenda kama hatua mbili kuelekea wageni, yakakutana na upepo wa Ilongero. Yakasimama hewani. Halafu yakarudi yote. Mengine yakanijaa mimi kinywani, maana nilikuwa naeleza. Mengine yakalipita bega langu na kumfikia Baba.

Mtu dhaifu angezima. Mimi nikaongeza kasi ya pili. Makapi yakaanza kuzunguka ndani na kutokea juu, kule alizeti inakoingilia. Nikaweka ya tatu, ndiyo ya mwisho. Diwani akafunika chai yake. Kina mama walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Baba hakusogea hata kidogo, kichwa cheupe, koti lote jeupe, anapepesa macho. Akaniuliza polepole kama ni kweli nimeleta upepo Singida. Halafu akaongeza maneno ya Kinyaturu ambayo sitayaandika humu.

Nikaona begi langu limefungwa. Nikaona benchi la mbele limekaa tupu.

Umeme ukakatika.

Feni ikazunguka taratibu ikasimama. Na papo hapo Enock, ambaye alikuja kwa ajili ya feni yake tu, akafungua skrubu, akaitoa, akaikumbatia akaenda nayo chini ya mti. Nyuma ya sanduku pakabaki tundu. Mama Theresia akachungulia kule mbele, akachungulia kule nyuma, akachukua debe la alizeti akamimina juu bila kuniuliza.

Upepo ukaingia mdomoni, ukatokea nyuma, ukaondoka na makapi yote. Mbegu zikashuka. Kwa sababu ya mguu mfupi zikateleza zote kona moja, ile niliyoikata vibaya, tambara likachomoka, mbegu zikamwagikia kwenye ungo wa mama mwingine aliyeuwahi. Safi kabisa. Akamimina tena. Wakaanza kupanga foleni. Mama Theresia akasema kwa sauti kwamba upepo wa jioni huwa unawapeperushia mbegu nyepesi pamoja na makapi, lakini humu ndani unatulia. Akataka masanduku mengine, ila bila lile dude la umeme, na kona itobolewe vilevile.

Pipa la Evodia lilikuwa limeshapura marundo mawili huko chini. Kina mama wakaanza kubeba kutoka kwake na kuleta kwangu. Evodia akapanda akasimama karibu yangu, akasema pipa lake lilikuwa linakosa kitu cha kupepetea, kumbe ndicho hiki. Nikamwambia kwamba hilo nilikuwa nimelipanga tangu Machi.

Dokta alikuja na kalamu. Akasema kwa feni ananipa sifuri. Kwa sanduku amenipa alama za kutosha kubaki chuoni. Halafu akasema ninyooshe mikono. Nilisahau kabisa. Malengelenge, kidole kilichoungua, rangi nyekundu, uweusi wa chuma kwenye kila mstari wa kiganja. Aliitazama muda mrefu na hakuinusa.

Baba alikuwa ameinama kwenye sanduku. Anapitisha kidole kwenye viungo nilivyochomelea, kimoja kimoja. Akauliza nani kachomelea. Nikasema mimi. Akauliza tena, nikasema tena. Kisha akamgeukia diwani, na makapi yake vilevile kichwani, akamwambia kazi hii kaifanya mwanangu kwa mkono wake. Hajawahi kusema hivyo. Huwa anasema mwanangu ana kichwa.

Macho yangu yalijaa machozi. Makapi ya alizeti yanawasha sana.

Jumatatu, 15 Juni

Ukaguzi wa mikono tena. Jana kutwa nimesugua kwa sabuni na stilwaya, uchafu umegoma. Dokta akainua mkono wangu juu darasa zima wauone. Evodia akapiga makofi, safari hii kwa viganja. Nimedhalilishwa, lakini nimevumilia kwa sababu ya nidhamu.

Kikundi cha Ilongero kinataka masanduku, na Dokta kaamua likizo yote nitakuwa karakana nikikata bati. Enock atanisaidia, kigoda amemaliza na sasa anatafuta kazi nyingine. Baba kapiga simu, watu wa Sepuka nao wanataka lao, na koti ameambiwa na Mama akalikung'utie nje.

Nimekabidhi ripoti. Kwenye sehemu ya mafunzo niliyopata nimeandika ukweli. Kwamba Kimbunga Namba Moja kilifanya kazi kwa ufanisi mkubwa, isipokuwa upepo uliingilia. Kwamba umeme wa uhakika ungemaliza ubishi wote. Na kwamba wananchi bado hawajawa tayari kwa teknolojia, ndiyo maana walitoa feni wakabaki na sanduku. Dokta kasoma, kavua miwani, kaifuta, kasoma tena. Nadhani hakutegemea kiwango kile.

Lakini mimi si mtu wa kulala. Pale Ilongero niliona tatizo ambalo hakuna aliyelitaja. Vile vichwa vya alizeti vimetandazwa uwanjani ovyo, vinasubiri kukauka, hakuna hata mashine moja. Nimeshaanza kuchora. Sanduku refu la bati, juu lina taa kubwa za joto, unaingiza vichwa vibichi upande huu, vinatoka vikavu upande ule. Litakaa pale pale juu uwanjani, peupe. Litaitwa Jua Namba Moja. Nimemwomba Enock taa yake ya kusomea kwa majaribio. Kaificha chini ya godoro.

Nimekaa mezani tangu saa nane na mchoro hauendi. Jua linapiga kwenye karatasi hadi sioni mistari. Nimefunga pazia.